Kochu ya Marehemu Athanase

Paluku alitaka viazi vimenywe nje, uani, mahali pa jua, ili kila mkono uonekane. Kahindo akaleta ndoo, akaleta kisu, akakaa kwenye kibao chake na kuanza. Hakuuliza neno. Siku kama ile, mtu akiuliza maswali mengi huonekana anatafuta pa kutokea.

Watu wanne walikuwa pale kumwangalia. Paluku mwenyewe, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, aliyefika juzi kutoka Butembo juu ya lori la viazi. Hortense, mke wa Paluku, mwanamke mrefu mwenye kukunja mikono kifuani hata akiwa ameketi. Muzee Adolphe, Mnande aliyezeekea Bunia, muuza maharagwe wa sokoni, ambaye Wanande wenzake humwita kila wanapogombana, maana anajua kunyamaza kuliko wao. Na Koko Kaswera, mama mzazi wa Paluku na wa marehemu, aliyeketi mkekani kwa kuegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho ameyatupa kwa kuku.

Ilikuwa Januari ya mwaka themanini na tatu, kiangazi kikavu, vumbi la Bunia limepaka mpaka majani ya migomba rangi ya tofali.

"Kata nene vile ulikata siku ile," Paluku alisema. "Usibadilishe kitu."

"Sibadilishe, shemeji."

"Na mafuta ni ile ile?"

"Ni mawese. Tangu zamani ni mawese."

Hortense akasema, kama anayezungumza na kuku, "Mutu akitaka kuua, atabadilisha mafuta ya nini?"

Muzee Adolphe akakohoa. Kahindo akaendelea kukata.

Sharti walikwisha kumwambia tangu asubuhi, na Paluku alilisema bila kupandisha sauti, jambo lililomtisha Kahindo kuliko makelele. Angepika chakula kile kile alichokula Athanase kabla ya kuugua, kwa kochu, ile rojo ya pilipili, ya mtungi ule ule. Yeye Kahindo angeonja kwanza. Kama angekula na kubaki mzima, na wao wangekula, na neno la sumu lisingetajwa tena katika ukoo. Kama angekataa, au chakula kingemdhuru, Élise angepanda lori kwenda Butembo kukaa kwa baba yake mkubwa. Mtoto ni wa upande wa baba. Hilo hakuna aliyelibishia. Mama mtu angetafuta pa kwenda, peke yake.

Élise, msichana wa darasa la sita, alikuwa amepelekwa kwa jirani tangu asubuhi. Aliondoka akigeuka nyuma kila mara, mpaka alipopotelea nyuma ya ua.

Kochu yenyewe ililetwa na Mkorea. Aliitwa Pak, fundi aliyekuja miaka ya sabini kutengeneza mashine za kiwanda kimoja cha kahawa. Watu walimwita Mchina, akabisha wee, mwisho akachoka. Athanase alikuwa dereva wake, Kahindo mpishi wake. Wali alikula, sombe alikula, lakini usoni alikuwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Siku moja akaomba soya. Akaichemsha, akaitwanga, akafinyanga kama matofali, akayafunga kwa majani makavu ya mpunga na kuyaning'iniza juu ya jiko mpaka yakaota ukungu. Kahindo alidhani bwana huyu akili zimeruka. Kisha Pak akatafuta pilipili nyekundu iliyokaushwa, akataka kimera cha ulezi kama kile cha wapika pombe, akataka chumvi nyingi, akachanganya vyote ndani ya mtungi. Kila siku ya jua mtungi ulifunuliwa uote jua. Jioni ulifungwa kitambaa na kamba. Miezi ikapita. Kilichotoka humo kilikuwa chekundu, kizito, kikali mwanzoni na kitamu mwishoni, na kilikaa ulimini kama neno ambalo mtu hajamaliza kusema.

Athanase ndiye aliyesema kitu hicho kiwekwe kwenye frite, viazi vya kukaanga. Pak alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamaliza sahani nzima, na tangu siku hiyo kila Jumapili ilikuwa ni frite za kochu. Alipoondoka nchini aliwaachia mtungi. Kahindo akaendelea kutengeneza, kiangazi hata kiangazi, kwa sababu mume wake alipenda na yeye mwenyewe alikwisha kuzoea.

Basi Jumapili moja ya mwaka juzi, Paluku akiwa mgeni nyumbani, Kahindo alileta sahani. Kwao, anayeleta chakula au pombe huonja kwanza mbele ya mgeni. Si kwamba mgeni amekushuku. Ni kama salamu, unaitoa bila kuifikiria. Ila siku ile jino lilikuwa linamng'oa kichwa. Akaweka sahani mezani, akarudi jikoni kutafuta karafuu ya kuuma. Hakuonja. Paluku hakugusa. Athanase akamcheka kaka yake, akala peke yake, akalamba vidole.

Kabla ya juma kwisha, macho ya Athanase yalikuwa ya njano. Daktari alisema ini, tena ini lililougua siku nyingi. Lakini Paluku alikuwa ameona alichokiona: sahani iliyofika bila kuonjwa. Daktari hakuwa mezani.

Tangu mazishi, Koko Kaswera alikaa kwa Kahindo, maana mwanawe alizikwa Bunia na hakutaka kuwa mbali na kaburi. Ila hakula mkononi mwake. Alijipikia mwenyewe, mafiga yake matatu pembeni mwa ua, sufuria yake, chumvi yake. Wapitao njiani waliona mioshi miwili katika ua mmoja, wakaelewa. Kahindo alikuwa amezoea mengi, lakini moshi ule wa pili hakuuzoea.

Viazi vilipokwisha kukatwa akavilowesha majini, akavitoa, akavikausha kwa kitambaa kimoja kimoja. Mafuta yakawa yamechemka, yamepoteza wekundu wake. Akatumbukiza. Frite zikalia.

"Muzungu gani anakulaka kitu ya kunuka kama ile mtungi?" Hortense aliuliza.

"Hakukuwa muzungu. Ilikuwa Mukorea."

"Ni mamoja tu."

"Angekusikia angekasirika," Kahindo alisema, na akajishangaa kwamba bado ana kinywa cha kujibu.

Akaziopoa zikiwa bado nyeupe, akaziacha zipoe. Paluku akasogea. "Mbona unatoa? Hazijaiva."

"Zinaingia mara mbili, shemeji. Njo zinakauka inje, mu ndani zinabaki laini. Ni vile nilikuwa nafanya siku ile."

Paluku akamtazama Muzee Adolphe. Mzee akainua mabega. "Hata miye bibi yangu anarudishaka mara mbili. Hiyo haiko dawa."

"Lete mtungi," Paluku alisema.

Mtungi ulikuwa jikoni, kwenye kona, mahali pake pa siku zote. Kahindo aliingia, Hortense akamfuata mpaka mlangoni na kusimama hapo, mwanga ukazibwa. Kahindo akauinua kwa mikono miwili, akautoa nje, akauweka chini mbele ya mkeka. Akanyoosha vidole kwenye kamba. Vidole vikasimama.

Fundo halikuwa lake.

Fundo lake lilikuwa lile la Pak, kitanzi kimoja ambacho ukivuta ncha kinaachia chote. Alikuwa amelifunga hivyo kwa miaka, angelifunga usingizini. Hili lilizungushwa mara mbili na kukazwa kabisa, fundo la wanawake wa Lubero wanapofunga mizigo ya vitunguu iende na lori bila kufunguka njiani. Hortense alitoka huko. Na Hortense, tangu juzi, alikuwa analala jikoni; alisema chumbani kuna joto.

Kahindo alihisi jasho likishuka mgongoni kama mdudu.

Akafikiri upesi, na kila njia aliyoifikiria ilifungwa. Akisema mtungi umefunguliwa, watasema amejitafutia mlango. Akimtaja Hortense, Paluku hatamtupa mke wake kwa ajili ya kamba. Akikataa kuonja, Élise anapanda lori. Na akila, na kama ndani mmetiwa kitu, Élise anapanda lori vilevile, tena akiwa hana mama wa kumkumbuka ila kwa jina baya.

"Mama Élise," Muzee Adolphe alisema polepole. "Kuko nini?"

"Hakuna, muzee. Kamba imekaza."

Akaliuma fundo kwa meno mpaka likalegea. Akatoa kitambaa. Mara ya mwisho alikuwa ameiacha kochu imelainishwa juu, imenyunyiziwa chumvi. Sasa katikati palikuwa na shimo la ukubwa wa ngumi, na kingo zake zilikuwa bado zinang'aa. Mtu alichota, na si zamani. Mtu anayechota anaweza pia kutia.

Akainamisha pua. Harufu ilikuwa ile ile. Lakini hiyo ilimwambia nini? Kochu ingeficha harufu ya chochote.

Alimtazama Hortense vidoleni. Vidole virefu, safi, vimefichwa nusu chini ya kwapa. Hortense akamtazama yeye. Hakuna aliyepepesa.

Akachota mahali palipochimbwa. Angeweza kuchota pembeni, chini zaidi, lakini Paluku alikuwa ameinama juu yake na angetaka kujua kwa nini. Akaiweka kwenye sufuria ndogo pamoja na vitunguu saumu vilivyopondwa, asali ya porini ya njia ya Mambasa, maji kidogo, juu ya makaa yaliyofifia. Ikaanza kutokota, mapovu mazito yakipasuka moja moja. Frite zikarudi mafutani mara ya pili, zikatoka za dhahabu, zikigongana kwa sauti kavu. Akazimimina kwenye sufuria, akageuza, akageuza, mpaka kila moja ikavaa wekundu. Akanyunyiza ufuta uliokaangwa, ule wa Aru. Mikono ilifanya kazi yenyewe, na hilo lilimsaidia.

Akaweka sahani katikati ya mkeka.

"Onja," Paluku alisema.

Kahindo akachukua moja. Ilikuwa ya moto, asali ilinata kwenye vidole. Mkono ukafika nusu ya njia, ukakaa hapo. Aliona ua wote kwa wakati mmoja: kamba ya nguo na gauni la shule la Élise limeanikwa, mafiga matatu ya Koko Kaswera na jivu lake, kuku.

"Muone mukono," Hortense alisema. "Muone vile imesimama."

"Basi imeisha," Paluku alisema, na akaanza kuinuka. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Ilikuwa imechoka. "Mutoto apange bintu yake."

Kahindo akaitia mdomoni.

Akatafuna. Akameza. Akachukua nyingine, akala hiyo pia, halafu ya tatu, akimtazama Paluku usoni, machozi ya pilipili yakimtoka bila yeye kuyafuta.

"Nimeonja," akasema.

Paluku akabaki katikati, si kusimama si kukaa. Kisha akaketi. "Tutangoja. Kuko dawa inachelewaka. Kivuli kikifika ku mulango ya jiko, tutajua."

Wakangoja. Si rahisi kuketi mbele ya watu wanaongoja ufe. Kahindo alisikia kila kitu ndani yake kikisema. Tumbo likaunguruma, akajiuliza kama ni njaa. Ulimi ukawaka, akajiuliza kama ni pilipili. Akahesabu waliokuwa wanaweza kumchukua Élise badala ya Paluku, akakuta hakuna. Kivuli kilitambaa juu ya vumbi kama kinavyotambaa siku yoyote. Muzee Adolphe alitoa rozari mfukoni, akaona aibu, akairudisha. Frite zikaacha kutoa moshi.

"Zinapoa," alisema Koko Kaswera.

Tangu asubuhi lilikuwa neno lake la kwanza.

"Nasema zinapoa. Zikipoa zinakuwa kama kamba ya kiatu."

Na mkono wake, mkavu kama kijiti, ukanyooka mpaka kwenye sahani, ukachagua ndefu kuliko zote, ukaitia mdomoni.

"Mama, acha," Paluku aliruka, akamshika kiganja. Alichelewa. Mama yake alikuwa anatafuna kwa upande wenye meno, macho amefumba.

"Asali imezidi," alisema. "Bila asali ni muzuri zaidi."

Paluku akabaki ameshika kiganja kile. "Mama. Unajua namna gani vile inakuwaka bila asali?"

Koko Kaswera akajinasua, akachukua nyingine. Hakuwa na haraka. Alipomaliza kumeza alinyoosha kidole kwenye mtungi.

"Ile fundo ni yangu, na miye ni wa Lubero. Ya Mukorea vidole yangu haijue."

Kahindo akaiokota ile kamba vumbini, akaigeuzageuza.

"Weye njo ulifungua?" Paluku aliuliza.

"Nafunguaka. Yeye akienda soko, nasukuma kitambaa chini ya kamba, nachota, nalainisha juu; ni jana tu kamba iliachia yote. Na muhogo inaenda, na ndizi inaenda."

"Tangu lini?"

"Tangu matanga." Kikongwe alipangusa midomo kwa ncha ya kitenge. "Mara ya kwanza nilikula kusudi nife. Nilisema, kama njo iliua mutoto wangu, iniue na miye. Nikalala pale nangoja, kama vile munangoja hapa. Sikukufa. Nilisikia tu njaa." Akalamba asali kidoleni. "Mara ya pili nilikula kwa sababu ilikuwa tamu."

Muzee Adolphe akageuza uso, mabega yakimtikisika. Ilikuwa vigumu kujua kama analia au anacheka.

"Mama, miaka mbili," Paluku alisema. "Miaka mbili unanitumia habari ku Butembo kama huyu muke ni mulozi. Na unakula mu mtungi yake?"

"Ningesema namna gani? Nimuite mutu mulozi mbele ya kanisa muzima, halafu nimuombe kijiko?" Sasa alimtazama Kahindo, mara ya kwanza siku ile, labda mara ya kwanza tangu kaburi lifunikwe. "Athanase alikuwa anakula hii na kufumba macho. Nilitaka kujua alikuwa anasikia nini."

Kahindo alikuwa na hasira ya kuweza kuvunja mtungi ule kichwani mwa kikongwe. Miaka miwili ya moshi wa pili. Miaka miwili ya majirani kuvuka barabara. Na asubuhi nzima bibi huyu ameketi pale, akimsikia anamenya, akijua.

"Ungeniacha nikufe na woga," alisema hatimaye.

"Nilikuwa nangoja kuona kama utakula," alisema Koko Kaswera. "Ulikula."

Kivuli kilikuwa hakijafika mlangoni. Hakuna aliyekitazama tena isipokuwa Hortense, ambaye bado alikuwa amekunja mikono, uso wake mgumu kama mlango wa duka siku ya Jumapili. Kahindo akamwangalia vidole vile virefu ambavyo muda mfupi uliopita alikuwa amevitia sumu, moyoni, kwa sababu ya fundo tu. Hakumwambia. Alichukua frite moja, akaiuma nusu mbele ya macho yake, akatafuna, akameza, kisha akampa nusu iliyobaki.

Hortense aliitazama. Akamtazama mume wake. Mikono ikafunguka kwa shida, akaipokea, akaiweka ulimini kama anayepokea komunyo kwa padri asiyemwamini.

"Inachoma," alisema baada ya muda.

"Inachomaka," Koko Kaswera alisema. "Ngoja ipite."

Muzee Adolphe akajisogeza akachukua yake, kama shahidi, alisema, na ya pili pia kama shahidi. Paluku peke yake alikuwa hajala. Wote walijua maana yake. Mpaka yeye ale, neno halijafungwa. Alikaa akiangalia sahani ile nyekundu, na taya lake lilikuwa linafanya kazi bila chakula. Kula ilikuwa sawa na kusema kwamba ndugu yake aliuawa na ini lake mwenyewe na hakuna wa kumchukia.

"Siku ile," akasema, "alinicheka. Aliniambia, kaka, weye ni mwoga wa pilipili. Njo neno ya mwisho aliniambia akiwa muzima."

Kahindo aliinuka, akaingia ndani, akarudi na birika na beseni. Akapiga goti mbele ya shemeji yake kama inavyotakiwa, akashika birika. Hakumimina. Alingoja.

Paluku aliiangalia mikono yake mwenyewe. Kisha akainyoosha juu ya beseni.

"Élise iko kwa jirani gani?" aliuliza, maji yakipita kwenye vidole. "Mutu amuite. Mama hapa atazimaliza."